Kichwa cha Ng'ombe wa Kirua Vunjo

Nilipofika Kirua Vunjo na landrova ya idara ya mifugo, ng'ombe alikuwa ameshachinjwa na nyama imepangwa juu ya majani ya mgomba, kila fungu na mwenyewe. Mwenye ng'ombe, kijana mwenye mtoto mmoja mchanga, alinieleza kwamba alidhani mnyama amekabwa na parachichi: udenda ulimtoka, alilia ovyo, kumeza hawezi. Basi akamtia mkono kooni mpaka kwenye kiwiko. Mkono ulikuwa na michubuko ya meno.

Nilishikwa na hofu. Nikauliza habari za mbwa, nikaambiwa alipita mmoja mgeni wakati wa kuchuma kahawa, akiuma kila alichokutana nacho. Nikaagiza nyama yote izikwe, na kijiji kizima kikaninunia. Kijana nikamtaka aende hospitali akachomwe sindano za kichaa cha mbwa kabla ugonjwa haujamwanza, maana ukishaanza hauna dawa. Alikuwa amesikia zinachomwa tumboni. Akasema ng'ombe ni wake na parachichi alilijua yeye. Mimi hasira zangu ziko karibu, tukagombana.

Ilibaki kupima ubongo. Kumbe katika ukoo ule kichwa ni fungu la mjomba, na mjomba wa kijana, mzee mwembamba mwenye koti la mvua, hakuwa mtu wa kuachia haki yake. Kichwa kilipotiwa kwenye debe, naye akapanda landrova. Alilala kwa binti yake huko Rau, karibu na maabara yetu, asubuhi akaja kuulizia mali yake.

Nikamkalisha kwenye hadubini. Nilimwonyesha kwanza ubongo wa ng'ombe mzima, kisha wa ng'ombe wao, wenye madoa mekundu ndani ya chembe, alama ya kichaa cha mbwa. Alitazama mpaka chai yangu ikapoa.

“Ugonjwa huu umo kwenye mkono wa mpwa wangu?”

“Huenda umo, babu. Sindano zikiwahi, hautafika kichwani.”

Hakudai kichwa tena. Siku hiyo hiyo alimleta kijana hospitali amemshika mkanda wa suruali, na kila sindano alikuwepo, akimwambia anyamaze.

Krismasi kijana alichinja mbuzi, akanialika. Nilipokabidhiwa fungu langu, lilikuwa kichwa. Nikamwambia mjomba kwamba kile ni chake.

“Kula, Daktari,” akasema, akimtazama mpwa wake aliyekuwa akimrusha mtoto juu na kumdaka. “Mimi fungu langu lile pale.”