Povu la Laurian Mrina Asali

Hakuna mtu Rungwa aliyejua mambo kama Laurian, kwa kauli yake mwenyewe. Miaka thelathini amezunguka porini na mizinga yake, basi akajiona bingwa wa nyuki, bingwa wa mvua, bingwa wa ndoa za watu, na sasa bingwa wa mkojo. Mkewe, Redempta, ubingwa huo ulikuwa umemfika kooni.

Kopo ndilo lililoleta maneno. Kijiji kimepakana na pori la akiba, na usiku hakuna mwenye akili zake anayetoka kwenda chooni akutane na tembo, kwa hiyo kila nyumba ina kopo uvunguni mwa kitanda. Asubuhi mwagaji ni Redempta. Na kila asubuhi alilikuta kopo la mumewe lina povu jeupe, zito, lisilokata hata mkojo ukishapoa, utadhani mtu kakorogea sabuni humo.

"Baba Philipo, hili povu vipi?"

"Kwani wewe hujawahi kuchuja asali?" Laurian akamjibu, akimwangalia kama mtu aliyeshindwa darasa la kwanza. "Asali ikitulia kwenye ndoo, povu linapanda juu na takataka zake zote. Unaliengua, chini inabaki asali safi. Basi mwili wangu unajichuja. Wa kuonewa huruma ni wewe, hutoi povu hata kidogo."

Haya! Mtu mzima na mvi zake anajifananisha na ndoo. Redempta alicheka mpaka akashika mlango asianguke, na siku hiyohiyo akaenda bombani kuwasimulia wanawake wenzake. Wakampachika mumewe jina la Ndoo, nalo likashika. Akipita senta, kina mama wanajikoholesha. Mwaka ukaisha kwa vicheko namna hiyo.

Ndipo Laurian akaanza kuamka uso umevimba, macho yamebaki mistari. "Nyuki hao," akasema, kwa kiburi cha mtu aliyezoea kuumwa. Miguu nayo ikavimba, viatu vikakataa kuingia. "Nyuki tu," akasema tena, akajipaka asali mpaka nzi wakamjaa.

Redempta akatupa ufagio chini.

"Nyuki gani, Baba Philipo? Tangu turine hujakanyaga porini, huu mwezi wa tatu. Wamekufuata kwa basi? Au nyuki wako wanauma uso na miguu, mikono wanaiogopa?"

Laurian akafungua mdomo, akaufumba. Lo! Tangu waoane hajawahi kukosa la kujibu. Redempta aliisubiri siku hiyo miaka na miaka, na ilipofika hakuifurahia hata chembe. Aliogopa. Akamshika mkono, akamkokota hadi zahanati, huku yeye akinung'unika njia nzima kwamba wanawake wana kiherehere.

Nesi Asnath akamwamkia, akachukua mkojo wake, akachovya kijikaratasi cha kupimia. Kikageuka kijani iliyokolea. Akampima presha mkono wa kulia, akakunja uso, akapima na wa kushoto.

"Baba," akasema, "mtu akibana mkojo muda mrefu, povu linaweza kutokea na likakata lenyewe. Hilo si neno. Lakini likikaa, tena kila siku, mara nyingi ni protini inavuja. Figo ndiyo chujio. Ikiharibika, inapitisha vitu vilivyotakiwa kubaki mwilini. Na presha yako iko juu mno. Nenda Itigi hospitali wakupime damu, na sukari pia."

"Kwa hiyo siyo takataka zinazotoka?"

"Hapana, baba. Kinachotoka ni kile kizuri."

Bingwa wa kuchuja! Redempta alikuwa na kejeli tayari mdomoni, tamu kwelikweli, lakini alipouona ule uso uliovimba ikamkwama.

Hospitali majibu ya damu yalipotoka, daktari alieleza bila kuzunguka. Figo zimechoka zaidi ya nusu. Kwa dawa za presha na kupunguza chumvi wangejitahidi kulinda nguvu iliyobaki, lakini kilichokwisha kuharibika hakirudi.

"Povu lilianza lini, mzee?"

"Juzijuzi tu," akasema Laurian, akitazama dirishani.

Daktari akamgeukia mke wa mgonjwa.

"Mwaka na miezi miwili," akasema Redempta.

Kalamu ya daktari ikasimama. "Mngekuja wakati ule, mama, pengine leo tungekuwa tunazungumzia vidonge tu, siyo figo zilizokwisha kuharibika."

Laurian akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Redempta hakuwahi kuisikia, kama atapona. Redempta akatafuta neno kali la kumtupia, kama alivyozoea, na kila alilolipata likamgeukia mwenyewe. Laurian alikuwa mjinga, sawa, lakini aliuamini ujinga wake. Yeye hakuuamini hata siku moja, na bado mwaka mzima alikuwa anacheka.