Mwaka wa Mvua ya Mawe

Kijana wa huko milimani akipatikana na hatia ya kuua, mkunga yule wa Ukata huja Mbinga kumtolea ushahidi wa umri. Mimi ni karani wa mahakama, na simwamini. Huvua kandambili mlangoni kama anaingia kanisani, hufuta viganja kwenye kitenge, kisha huanza: "Mheshimiwa, huyu nilimpokea mwenyewe, tukichimba mashimo ya ngolo ya kulimia mlimani, mwaka ule mvua ya mawe ilipopukutisha kahawa." Wote walizaliwa mwaka huohuo, mwenye ndevu na asiye nazo! Aliyeua kabla ya kutimiza miaka kumi na minane hanyongwi, kwa hiyo nilijua tu kwamba ndugu zao humpelekea kuku.

Juzi alikuja tena. Viganja alivifuta kwa muda mrefu kuliko kawaida. Jaji akamuuliza kama ana undugu na mshtakiwa.

"Sina, Mheshimiwa. Undugu ninao na marehemu. Ni mjukuu wangu."

Jaji akaweka kalamu chini.

"Na huyu aliyemuua?"

"Huyu nilimpokea mwenyewe," alisema, "mwaka ule wa mvua ya mawe."

Mvua ile bado siiamini. Kuku siwataji tena.