Tiki kwenye Kipande cha Saba

Kazi yangu ilikuwa kuandika ripoti za misamaha ya kodi. Mradi mkubwa wa maji ulikuwa ukiingiza mabomba na pampu kupitia bandari ya Tanga bila kulipiwa kodi, na kila baada ya miezi mitatu serikali ilitaka kujua: hicho tulichosamehe, wananchi wamekipata? Nilijiona mtu wa maana sana, mwenye mwandiko mzuri na muhuri kwenye droo.

Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu: "kimetumika" na "kilipiwe kodi". Safari ile mabomba niliyaona kwa macho yangu, yamelala kwenye yadi ya mkandarasi kule Pongwe, halijafukiwa hata moja. Sasa hapo unatia tiki wapi? Nikitia cha pili, mkandarasi atadaiwa kodi, mradi utasimama, na mkwamishaji nitakuwa mimi. Mkuu wa idara ananipigia simu kila saa anataka ripoti, na gari la ofisi halina dizeli ya kunizungusha vijijini. Nikatia "kimetumika" mistari yote, kuanzia kipande cha kwanza cha mradi mpaka cha tisa. Mabomba si yatafukiwa tu, yataenda wapi? Nikafunga faili, nikaenda zangu kula.

Miezi kadhaa baadaye likaja agizo kwamba ripoti zisomwe mbele ya wananchi wenyewe. Nikafuatana na mkuu hadi kijiji nilichozaliwa, ambako mama yangu anaishi bado. Darasa la shule lilijaa pomoni. Mama alikaa mstari wa mbele, kajifunga kanga mpya, ananitazama kwa raha zake.

Mkuu akasoma: "Kipande cha saba, yaani kijiji hiki. Mabomba yamefukiwa, maji yanatoka."

Moyo ulinilipuka. Fomu zangu hazikuwa na majina ya vijiji, zilikuwa na namba tupu, na mimi mjinga sikuwahi kuuliza namba ipi ni wapi. Mzee mmoja akauliza: na kile kisima tulichoahidiwa? Mkuu akajibu bila kupepesa macho kwamba kisima kimepelekwa kijiji kingine, kwa sababu hapa maji yapo.

Kelele kama zile zilizofuata sijawahi kuzisikia. Watu walisimama juu ya madawati. Mama naye akasimama, akainua mkono.

"Tulieni, jamani. Aliyeandika ni mwanangu, yule pale. Miye namjua, hasemi uongo. Kama kaandika maji yapo, basi yako njiani. Muulizeni mwenyewe."

Wakageuka wote kunitazama. Nilisimama, nikasahau hata kuwapa wazee shikamoo. Mkuu alinivuta mkono nikae. Nikaukung'uta.

"Ni kweli, niliandika mimi," nikasema. "Ilikuwa mwezi wa Shaabani. Mabomba niliyaona Pongwe, yamelala yadini tu mpaka leo. Hapa sikuja."

Mama alikuwa bado amesimama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Hukuja vipi, mwanangu? Shaabani weye si ulilala kwangu siku mbili, ukaoga maji niliyobeba kichwani?"