Shemeji Anayeokoa Bando

Kila familia ya Watanzania hapa Maryland na Virginia ina mtu wake wa IT. Wetu ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayekaa Springfield. Kazi yake, kwa kadiri nilivyowahi kuelewa, ni kuwarudishia watu wa ofisini nywila walizosahau. Lakini kwenye harusi na misiba yetu yeye ndiye mshika spika na projekta, na maikrofoni ikikoroma husema tatizo ni ukumbi.

Mwaka jana nilikuwa namalizia shahada ya uzamili. Tasnifu yangu ilihusu mwendo wa maji machafu kwenye mabomba. Mama, aliyekuja kutoka Tanga kwa ajili ya mahafali, aliwaambia watu kwamba nasomea maji, akaishia hapo. Alikuwa amewahi kunyimwa viza, akalia, akaomba tena, akapewa. Sasa alikuwa sebuleni kwangu Hyattsville, kitenge chake kimeshashonwa, anasubiri kuniona nikipita jukwaani. Nisipowasilisha tasnifu Ijumaa kabla ya saa sita mchana, sipiti.

Tasnifu yenyewe niliiandika kwa programu ya kawaida, ile ya kuandikia barua, nayo ilishaniasi. Ukigusa mlinganyo wa mwanzoni, mchoro wa mwishoni unahama nyumba. Msimamizi wangu akanishauri nihamie LaTeX, ambayo unaiandikia maagizo, nayo inazipanga hesabu zako zikatoka kama za kitabuni. Unaweza kuitumia mtandaoni bila kusakinisha chochote, au ukaiweka yote kwenye kompyuta yako. Nilikuwa nimeshafungua ile ya mtandaoni mama aliposikia nikiongea peke yangu.

"Si umwite shemeji yako?"

"Mama, naweza mwenyewe."

"Na akisikia umejifanyia mwenyewe na yeye yupo, utamwambia nini?"

Kumbe alishampigia. Kwetu fundi wa ukoo harukwi. Ukimruka, kesi inafika mpaka kwa wajomba, na wajomba hawana kazi nyingine. Nikapika pilau.

Shemeji akaja Jumamosi, akala, akaongeza, akanawa mikono, ndipo akatoa flashi mfukoni. Flashi, katika nyumba yenye intaneti isiyo na kikomo! Alikuwa ameshusha programu ofisini kwao ili asinimalizie bando. Mtu huyu ameishi Virginia tangu hajaota ndevu, lakini moyoni bado ananunua bando la siku kibandani.

"Ya online achana nayo, shem, itakula data. Nita-install hii basic, iko light."

"Msimamizi amesema niweke iliyo kamili."

"Full version ya nini? Ina ma-GB kibao, na nusu yake hutakaa u-use. Relax, shem."

Mama alimtazama utadhani anamtazama daktari bingwa. Kabla ya kuondoka shemeji aliiwekea kompyuta yangu kufuli isishushe kitu chochote yenyewe, akaandika ukurasa mmoja wenye hesabu moja. Ukatoka unang'aa. Mama akapiga kigelegele, na mgeni akafungiwa pilau ya kwenda nayo.

Wiki nzima nilihamisha sura zangu na kila kitu kilikwenda vizuri, maana nilianza na maneno na hesabu tupu. Ijumaa asubuhi nikaziingiza kwenye kiolezo cha chuo, mpangilio wao wa lazima, pamoja na majedwali, vipimo na michoro. Kompyuta ikasema haioni faili fulani la LaTeX, mojawapo ya yale yanayokuja na programu kamili tu. Nikalitafuta hilo, ikasema haioni jingine. Nikampigia fundi wetu.

"Niko Beltway, shem, traffic imesimama. Inasemaje?"

"Haioni faili la majedwali. Wala la vipimo. Wala la michoro."

Akapiga honi, kisha akauliza kitaalamu:

"Kwani hizo tables ni lazima?"

Nilikata simu kabla sijatamka neno ambalo mama angelisikia. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu: mama yangu akae ukumbini na kitenge chake, akiwapigia makofi watoto wa wenzake. Nikaondoa kufuli la shemeji, nikafuta basic yake, nikashusha programu kamili. Iliingia yote mama akiwa bado anakaanga vitumbua jikoni. Kiolezo kikatulia, tasnifu ikatoka nadhifu, nikaiwasilisha saa sita ikikaribia kabisa. Nilipomwambia mama kwamba imepokelewa, alinikumbatia kwa mikono yenye mafuta, kisha akampigia shemeji kumshukuru.

Kwa hiyo siku ya mahafali nani apewe kazi ya kupiga video? Sikuulizwa.

Nilipoitwa nilipita, nikasikia kigelegele cha mama kikipasua ukumbi. Tulipokutana nje kwenye maegesho macho yake yalikuwa mekundu. Alisema machozi yalimjaa ghafla, akawa anapangusa, na alipofumbua macho nilishapita. Hakuniona nikipita.

"Lete hiyo video, baba," akamwambia shemeji.

Shemeji akatoa simu kwa madaha.

"Nimeweka low quality, mama, ili iende WhatsApp bila kula bando."

Kwenye kioo palionekana kitu cheusi chenye kichwa cha kahawia kikielea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakikuwa na macho wala mdomo. Nilimgeukia shemeji, na safari hii sikujali mama atasikia nini.

Mama alikuwa ameisogeza simu karibu na uso.

"Ndiye," alisema taratibu. "Mwendo wake huo, naujua."

Akairudisha mwanzo, akanitazama tena nikipita.