Machozi ya Maua ya Kahawa

Niiteni mlafi, sitabisha. Zahanati walishanionya kwamba chavua ya maua ya kahawa ndiyo inayonitoa machozi, kwa hiyo mibuni ikichanua nivae barakoa. Juzi nikipita Ihembe nikaona msiba, nikaingia kufuata ndizi za maharage. Marehemu hata simjui. Turubai lilifungwa katikati ya mibuni, imechanua maua meupe! Barakoa nikaificha mfukoni nisionekane mgeni. Punde machozi yakatiririka, makamasi yakafuata.

“Huyu alimpenda kweli,” mama mmoja akasema, akanivuta mbele nitoe neno. Mzee mmoja akanishika mkono, naye analia.

“Mwenye mji huu alikuwa baba yangu wa pili,” nikasema kwa kwikwi.

Mzee akaniachia mkono. “Mwanangu, tunamzika mke wangu. Mimi nimekufa lini?”