Machungwa Niliyoyavundika kwa Ajili ya Dada Kabula

Hii stori inanifanya nionekane bwege, najua, ila bora niisimulie mwenyewe kabla dada yangu hajaisimulia. Enzi zetu kule Buswelu, na msicheke, hata sisi wa juzi tuna enzi zetu, ndizi ziliivia shimoni. Mama alichimba nyuma ya jiko, akatandika majani ya mgomba, akafukiza moshi kidogo, mkungu mbichi ukaingia, udongo juu. Sisi watoto tulipita pale tukinusa kama mbwa. Harufu ikianza kupenya udongo, hata aliyetumwa kisimani alirudi mbio na ndoo tupu. Ndizi iliyoingia inakwaruza ulimi ilitoka asali.

Basi ikaja posa ya dada Kabula. Kijana alitoka Misungwi, na dada alivyompenda, mboga alikuwa anaitia chumvi mara mbili. Wazee wa kijana wakasema wanakuja kumwona. Wakiridhika, waongee ng'ombe. Wasiporidhika, basi.

Nikataka kumsaidia dada. Uani tulikuwa na mchungwa, matunda bado ya kijani, makali, ukilamba tu jicho moja linajifunga lenyewe. Nikawaza, shimo linaiweza ndizi, litashindwaje chungwa? Nikachuma kikapu kizima, nikayachomeka katikati ya ndizi kimyakimya. Siku ya kufukua yakatoka ya njano, yanang'aa! Nikajiona mganga. Wageni walipofika mama alikuwa katingwa na wali, nikayakata mwenyewe nikapeleka na sinia.

"Shikamoo baba, karibuni matunda."

"Marahaba. Kijana wa maana huyu," akasema baba wa yule mchumba, akang'ata.

Uso wake ulijikunja kama soksi. Mjomba wao akakohoa mpaka kofia ikadondoka. Shangazi yao akatema kwenye kiganja: "Jamani, si mngesema tu hamtaki kutupatia mtoto?"

Dada kasimama mlangoni, kaganda. Mama akatoka jikoni, akaonja kipande, akaniangalia.

"Shija! Umeyavundika?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu, ndizi inaingia shimoni na wanga wake tumboni, humo ndio unageuka sukari. Chungwa sukari linaletewa na mti. Ukishalichuma, shimo linalibadilisha shati tu, ukali uko palepale."

Yule mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka, labda ya chungwa, sijui. Akakimalizia kipande chake chote, akameza. "Binti tumempenda," akasema. "Huyu mpishi ndio mbaki naye wenyewe."

Siku hizi ndizi zinapigwa dawa, jioni mbichi, asubuhi njano, ukimenya ngumu kama kiazi. Na vijana wa leo ndio hivyohivyo, kwenye picha ya simu ameiva, ukikutana naye mbichi kabisa. Nani ana muda wa kukaa ananusa udongo? Mimi ule moshi nautamani mpaka leo.

Siku ile wageni walipoondoka nilijificha nyuma ya jiko, nasubiri kofi la dada. Akaja, akakaa chini karibu yangu.

"Wale watu nilikuwa nawaogopa sana," akasema. "Walivyokunja sura wote pamoja, nikaona kumbe na wao ni watu tu."