Mama Alipouombea Mfereji

Kazi yangu ilikuwa kumfanya mheshimiwa aonekane. Alikuwa mwakilishi wa wadi yetu kule Kariobangi, mwanamume mpole mwenye sauti ya kubembeleza, na mimi ndiye niliyempiga picha. Asubuhi hakuwahi kuniuliza leo tunafanya nini. Aliuliza, "Leo tunapiga wapi?" Kuna bibi kizee aliyemkumbatia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza jua lilikuwa nyuma yao. Vikao vya maji alivikwepa, maana mtu anayesoma bajeti hana picha. Nilipomsuta alicheka, akasema mpiga kura haoni bajeti, anaona simu. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli.

Lakini maji yalinigusa. Mifereji ya ploti anayokaa mama yangu ilikuwa imekauka zamani, na mama alinunua ya mkokoteni akiyapima kama dawa. Kwa hiyo mheshimiwa alipojenga kioski cha maji pale nje, hakuna aliyefurahi kunishinda. Tangi likasimama, likapakwa rangi, jina la mheshimiwa likaandikwa. Bomba la barabarani ndilo halikuwa limeunganishwa. Watu wa runinga, hata hivyo, walikuwa wamealikwa, na wanahabari hawangoji bomba. Asubuhi ya uzinduzi nikakuta lori la maji linajaza tangi.

"Mheshimiwa, haya ni ya leo tu. Kesho je?"

"Kesho tutaona. Wewe shika kamera."

Kwetu hakizinduliwi kitu bila maombi, na aliyepewa maombi ni mama. Utepe ukakatwa, mfereji ukafunguliwa, na mpiga picha wa runinga akaomba usifungwe, eti maji yanayotiririka nyuma ya mtu anayeomba yanapendeza. Maskini, hakujua kwamba akina mama wa kanisa waliotoka magharibi mwa Kenya hawaombi kwa haraka. Mama alianzia kwenye uumbaji. Akawaombea madereva, wajane, mafundi wa jua kali na nyundo zao, watoto wa mtihani, majirani zetu wa Mathare. Mitungi ilijaa ikafurika, viatu vikalowa, vichwa vimeinama. Nani angethubutu kufunga mfereji katikati ya maombi? Alipofika kwa wagonjwa, maji yalikuwa uzi. Alipofika kwa waliofiwa, mfereji ukakohoa, ukanyamaza.

"Mheshi, maji imeisha!" fundi mmoja akapaza sauti.

Tulikuwa mubashara. Mama akafungua jicho moja, akautazama mfereji, akalifumba tena.

"Na mwisho, Baba, huyu mtoto wako tumemwona kwa simu, tumemwona kwa TV. Sasa tunaomba tumwone na maji. Kwa jina la Yesu."

"Amina!" mtaa mzima ukajibu. Hata mheshimiwa aliitikia, kwa mazoea.

Video hiyo ilisambaa kabla hatujakunja viti. Kuanzia hapo kila alikokwenda, sokoni, matangani, kwa kinyozi, watu hawakumsalimu, walimwambia "Amina!" Nilimhurumia, na nilicheka hadi mbavu zikauma. Aibu ile ikamfikisha nilikoshindwa kumfikisha. Akaanza kuhudhuria vikao, akashinda kwenye viti vya ofisi ya maji mpaka wakamchoka. Mimi nikakaa bure, kwa sababu mtu anayengoja kwenye foleni hapigwi picha.

Jumamosi moja mama akanipigia. "Yametoka! Ya bomba!"

"Subirini nije na kamera."

"Kamera ya nini? Leta mitungi."

Nikaenda mbio. Pale kioskini nikamkuta mheshimiwa amevaa malapa, shati limelowa, anawajazia akina mama maji. Nilitaka kulia. Akanitazama mikononi, akaona mitungi miwili tu.

"Kamera?"

"Imebaki nyumbani."

Akashusha pumzi kwa huzuni ya kweli kabisa, kisha akaninyooshea kidole nyuma ya umati.

"Basi panga laini kama wengine."